Uzi: Mvua yote inayonyesha ndani ya Menengai huenda wapi?

Mwana_Kiamunyi (mwanzisha uzi), Jumapili usiku

Habari za jioni wadau. Jana tulikuwa watano, marafiki tangu sekondari, tukaamua kutembea Menengai, lile shimo kubwa la volkeno (kasoko) lililo juu ya mji wetu wa Nakuru, siku nzima kabla mvua za vuli hazijakolea. Tulitoka mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukapanda kwa miguu kupitia Milimani hadi juu. Kufika ukingoni hatukuona shimo. Ukungu ulikuwa umelijaza hadi mdomoni, mweupe, umetulia kabisa. Tuliketi tukamimina chai, na kabla hatujamaliza chupa ukungu ukaanza kuchanika, ukuta wa mwamba ukajitokeza chini ya viatu vyetu kipande kwa kipande. Mmoja wetu aliyezaliwa hapa hapa Nakuru hakuwa amewahi kufika. Alinyamaza muda mrefu sana.

Tulishuka hadi chini na kijana wa pale anayejua njia. Saa nane mvua ikatukuta kwenye mawe meusi, mvua nzito, karibu dakika arobaini, sisi tumejibanza chini ya kichaka cha leleshwa. Ilipokatika nikaangalia huku na huku. Hakuna dimbwi hata la kunawa uso. Jiwe limelowa, linang'aa, lakini maji hayapo. Wakati wa kurudi juu, barabara ya murramu ilikuwa mto, tumevua viatu ndipo tukapita.

Lile shimo halina mto unaotoka. Limezungushiwa kuta karibu pande zote. Mvua inanyesha miaka na miaka. Mbona si ziwa? Nauliza kwa moyo wote, sijalala vizuri.

Leleshwa, Jumapili usiku

Hongereni kwa safari. Jibu ni fupi: ardhi inakunywa. Yale mawe ni lava iliyopasuka pasuka, maji yanapenya tu.

Mwana_Kiamunyi

Asante Leleshwa, hapo nimekuelewa. Lakini yakishapenya yanaenda wapi? Hata gunia lenye matundu likitupwa ndani ya pipa, pipa litajaa.

Dereva_Solai, Jumatatu asubuhi

Mimi nimepita pale miaka mingi na abiria. Menengai ndiyo kasoko ya pili kwa ukubwa duniani, muijue kwanza. Maji yote yanaingia Ziwa Nakuru kwa chini. Ushahidi mnao: ziwa limepanda tangu miaka ya 2010, limemeza barabara za ndani ya mbuga hadi lango kuu la zamani. Yametoka wapi kama si juu pale?

Mwalimu_wa_Ramani, Jumatatu mchana

Dereva, heshima yako, ila hilo la "pili duniani" tuliache. Nimelisikia hata kwa watembezaji wageni na si kweli. Ngorongoro peke yake ni takriban kilomita za mraba 260. Toba ya Indonesia ina urefu wa kilomita 100 hivi. Menengai ni kama kilomita 12 kwa 8, na kina chake kinakaribia mita 500 kutoka ukingo ulio mita 2,278 juu ya bahari. Ni kubwa, ni yetu, haihitaji kuongezewa.

Sasa swali la mwanzisha uzi. Nakuru hupata mvua ya milimita 900 na kitu kwa mwaka. Zidisha 12 kwa 8, upate kilomita za mraba 96, kisha zidisha kwa mita 0.9. Ni mita za ujazo zaidi ya milioni 86 kila mwaka zinazoangukia shimo lile. Kwa hiyo kijana hakosi usingizi bure.

Fundi_Rhonda

Mwalimu, shimo si mstatili. Ni duara lililobonyezwa. Hesabu ya duara la namna hiyo ni kilomita za mraba 75 hivi, na maji ni kama milioni 68. Bado ni mengi, lakini tupime kama mafundi.

Mwalimu_wa_Ramani

Fundi umenishika. Ni 68. Nimeandika kwa haraka kati ya vipindi viwili.

Leleshwa

Na msisahau jua. Huku kwetu jua lina uwezo wa kunyonya maji mengi kuliko yanayonyesha, karibu mara mbili kwa mwaka ukipima kwenye maji yaliyo wazi. Hata ziwa likianza kujikusanya mle chini, jua litalimaliza.

Nyar_Kendu, Jumatatu jioni

Hamjambo. Leleshwa, kama ni jua, basi njoo Kendu Bay. Kwetu jua si la kuuliza, na kuna Simbi Nyaima. Ni shimo la volkeno lililojaa maji, hakuna mto unaoingia, hakuna unaotoka. Maji ya chumvichumvi, rangi ya kijani, na kuna misimu heroe huja kulisha. Wazee husimulia kwamba palikuwa na kijiji penye sherehe, akaja bibi kizee amechoka, wakamfukuza, mwanamke mmoja tu akamkaribisha. Usiku maji yakameza kijiji kizima. Jina lenyewe ndilo hilo, Simbi iliyozama.

Nilikulia kilomita chache kutoka pale. Kila Desemba tulikuwa tunalizunguka kwa miguu na binamu zangu, kwenye ukingo, na nyanya yangu akitukataza kurusha mawe ndani. Sijaliona limekauka. Kwa hiyo nijibiwe: kwa nini shimo letu dogo lina maji na shimo lenu kubwa halina?

MchimbaVisima, Jumatatu usiku

Dada Nyar_Kendu umeuliza swali zuri kuliko yote. Mimi kazi yangu ni kuchimba visima, upande wa Bahati, Kiamunyi, Rongai. Simbi iko karibu kabisa na Ziwa Victoria na haiko juu yake sana. Chimba pale utafikia maji mapema, kwa hiyo lile shimo limechimbwa na volkeno hadi chini ya usawa wa maji ya ardhini. Ni kisima kikubwa tu. Menengai iko juu, maji ya ardhini yako mbali chini yake.

Na kuhusu kunywa, niwaambie nilichoona kwa macho. Ukichimba kwa mashine unatumia maji au povu ili vumbi la mwamba lipande juu. Kwenye udongo wa mfinyanzi yanarudi vizuri. Ukigonga mwamba uliopasuka, ghafla hayarudi. Unamwaga tangi la kwanza, la pili, la tatu, na shimo limenyamaza kama hujamwaga kitu. Kuna siku upande wa Kiamunyi tulimwaga kuanzia asubuhi hadi saa tisa, na mwenye shamba akaniuliza kama namwibia maji yake. Sikuwa na jibu la kumpa. Yalikuwa yamekwenda.

Mwana_Kiamunyi

MchimbaVisima asante sana. "Shimo limenyamaza" ndivyo nilivyohisi pale chini hasa.

Kijana_wa_Section58

Watu wanaogopa kusema. Maji yanamezwa na visima vya mvuke vya umeme. Wamechimba shimo juu ya shimo, maji yatabaki?

BabuWaBahati, Jumanne asubuhi

Mjukuu wangu wa Section 58, pole pole. Uchimbaji wa jotoardhi Menengai ulianza mwaka 2011. Mimi nililisha mbuzi kwenye miteremko ile nikiwa mvulana, kabla ya uhuru, na hapakuwa na ziwa. Mvua ilikuwa ikinyesha, nasi tulikuwa tukibeba maji ya kunywa kwenye kibuyu kwa sababu kule chini hupati hata tone. Mvuke ulikuwepo pia. Asubuhi za baridi uliuona unapanda sehemu nyingi.

Na kwa kuwa mmetaja kutembea pale, jueni mnapita wapi. Sisi Wakikuyu tulipaita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu. Wamaasai nao wana habari yao, ya vita vya karne ya kumi na tisa kati ya makundi yao mawili, Ilpurko na Ilaikipiak, na mashujaa walioshindwa wakarushwa kutoka kwenye ule ukuta. Wako wanaosema mvuke ule ni roho zao zinazotafuta njia ya kupanda. Baba yangu alikuwa akivua kofia akifika ukingoni. Mimi navua mpaka leo.

Dereva_Solai

Babu, shikamoo. Mimi niliambiwa jina Menengai lenyewe ni la Kimaasai, maana yake mahali pa wafu.

BabuWaBahati

Marahaba. Nami nimesikia hivyo, na nimesikia pia maana nyingine mbili tofauti. Muulize Mmaasai mzee, usiniulize mimi.

Mwalimu_wa_Ramani

Babu ametaja mvuke na hapo ndipo mimi ningetafuta. Mvuke ule si moshi wa moto, ni maji. Mvua inashuka kwenye nyufa, inakutana na joto, inarudi ikiwa mvuke. Joto lenyewe haliko mbali: baadhi ya visima vilivyochimbwa mle vilikuta mwamba ulioyeyuka kwenye kina cha kilomita 2 hivi. Kule Eburru, mlima wa volkeno karibu na Naivasha, watu wamekuwa wakivuna mvuke kwa mabomba tangu enzi za ukoloni, unapoa, unadondoka kwenye tangi, wanakunywa. Kwa hiyo sehemu ya mvua ya Mwana_Kiamunyi aliiona ikipanda asubuhi akadhani yote ni ukungu.

Fundi_Rhonda

Mwalimu, milioni 68 zote haziwezi kutoka kwa vijitundu vile vya mvuke. Ni sehemu, sawa. Ngapi?

Isukha_Moja, Jumanne jioni

Salamu kutoka Kakamega. Ninyi mna mvua isiyoonekana iendako, sisi tuna maji yasiyoonekana yatokako. Pale Ilesi, barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, kuna Ikhongo Murwi, jiwe linalolia. Ni nguzo ya mwamba mrefu, juu yake kuna jiwe la mviringo kama kichwa, na maji yanateremka katikati kama machozi, hata wakati majirani wanapanga foleni kisimani. Nilikwenda nikiwa darasa la sita. Nilikinga kiganja, maji yakajaa polepole, baridi, nikayanywa na mwalimu akanikemea. Mama yangu alisimulia kwamba ni binti aliyempenda mwanamume ambaye baba yake hakumtaka, naye akalia hadi akawa jiwe.

Nauliza, je, yawezekana mwamba ukahifadhi maji muda mrefu hivyo? Kama jiwe moja linaweza, Menengai nzima si inaweza zaidi?

Nyar_Kendu

Isukha_Moja, mwalimu wako alikuwa sahihi kukukemea lakini mimi pia ningekunywa.

MchimbaVisima

Mwamba wa Ilesi ni wa aina nyingine, si lava changa. Hauwezi kunywa kwa kasi ya Menengai. Lakini ndiyo, nyufa ndogo hushika maji na kuyaachia kidogo kidogo.

Mkenya_Brighton, Jumatano usiku

Wadau habari. Natokea Nakuru, niko Uingereza mwaka wa sita sasa. Uzi huu umenigusa kwa sababu Oktoba iliyopita tulifanya safari ya siku moja kama yenu, marafiki wanne, kwenye majabali ya pwani yanayoitwa Seven Sisters. Ulikuwa msimu ule majani yanapobadilika rangi na kupukutika. Tulishuka treni Seaford tukatembea hadi Eastbourne, kilomita 20 na zaidi kwa sababu mto Cuckmere hauvukiki pale ufukweni, lazima uzungukie darajani.

Majabali yale ni chaki, meupe kama meno. Beachy Head inafika mita 162 kutoka baharini. Ukiyatazama kutoka mbali yana mawimbi: kilima, bonde, kilima, bonde. Tulipanda na kushuka kila moja kwa magoti yetu, upepo wa bahari ukipiga ubavu mmoja tu, sikio langu la kulia likafa ganzi. Kilichonishangaza, tulinyeshewa vizuri, lakini kwenye mabonde yale hakuna kijito hata kimoja. Mabonde bila mito! Nyasi tu, na mawe meusi ya gumegume yakichomoza kwenye njia.

Nikasoma baadaye. Chaki ile ni mabaki ya viumbe vidogo sana vya bahari ya kale, na inapitisha maji, mvua inazama moja kwa moja. Mabonde yalichongwa zamani za barafu, ardhi ilipoganda hata maji yakashindwa kupenya, yakalazimika kupita juu. Ardhi ilipoyeyuka, mito ikakauka, mabonde yakabaki. Na maji yaliyozama hutokea chini kama chemchemi. Kwa hiyo swali lenu ningeligeuza: mtafute chemchemi za Menengai.

Jambo moja zaidi kwa wanaopenda picha. Kule hukaribii ukingo. Bahari inakula chini, juu panaonekana nyasi salama kumbe chini pako wazi, na vipande vikubwa huanguka bila taarifa. Tuliona ufa kwenye nyasi, upana wa kidole tu, hatua mbili kutoka ukingoni. Mmoja wetu alikuwa ameketi kando yake akila mkate. Hakuna aliyepiga kelele. Tulimwita tu kwa jina lake, taratibu.

Mwana_Kiamunyi

Mkenya_Brighton, nimesoma post yako mara mbili. Hilo la ufa limenifanya nifikirie tulipokuwa tumening'iniza miguu. Asante sana ndugu.

Mwalimu_wa_Ramani

Mfano mzuri, ila tofauti iwepo. Chaki hunywa kwa vitundu vidogo vilivyomo ndani yake na kwa nyufa zake pia. Lava yetu hunywa kwa nyufa zaidi. Hilo la chemchemi nalikubali. Ziwa Nakuru lina chemchemi za Baharini upande wa kaskazini, upande wa mjini na Menengai. Hapo Dereva_Solai ana hoja.

Dereva_Solai

Nilisema!

Nyar_Kendu

Dereva, subiri kidogo. Ulisema kupanda kwa Ziwa Nakuru ni ushahidi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi watu wa Dunga na wa kwetu wakahama nyumba zao. Baringo lilipanda, Bogoria, Naivasha, hata Turkana. Menengai iliyamwagia yote?

Dereva_Solai

Hapo sina jibu dada. Labda mvua iliongezeka kote. Lakini maji ya Baharini bado yanatoka mahali.

Shamba_Mau

Mito inayoingia Ziwa Nakuru inatoka msitu wa Mau: Njoro, Makalia, Nderit. Misitu ilikatwa, maji yanakimbia na udongo, ziwa linajaa tope na maji. Nimeuona mto Njoro ukiwa mwekundu kama chai ya maziwa. Hiyo ndiyo sababu ya ziwa, msiisingizie kasoko.

Kijana_wa_Section58

Na wale wanaosema bonde la ufa linapasuka? Ule ufa wa Mai Mahiu wa 2018 si ulimeza barabara?

Mwalimu_wa_Ramani

Hata ule wataalamu walivutana. Wengine walisema ni dalili ya bonde kutanuka, wengine wakasema ni majivu ya volkeno yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani, mvua kubwa ikayazoa. Ona lakini: pande zote mbili zinakubali kwamba chini kuna nafasi inayomeza.

Leleshwa, Alhamisi

Mimi naona mmesahau kaskazini. Ziwa Nakuru liko mita 1,750 na ushei. Bogoria na Baringo ziko chini ya 1,000. Maji ni maji, yanapenda chini. Baringo halina mto unaotoka na bado si la chumvi, Naivasha vilevile. Wanaojua miamba husema ni kwa sababu yanavuja kwa chini. Kwa nini mvua ya Menengai isielekee Bogoria, ikatokea pale kwenye chemchemi za moto za Loburu ikichemka?

Fundi_Rhonda

Hiyo naipenda. Lakini ni safari ndefu.

MchimbaVisima

Ni ndefu lakini maji hayana haraka. Mimi ningesema huenda kote kuwili, kusini na kaskazini, kutegemea tone limeangukia wapi. Na sehemu inabaki hapa hapa Nakuru tunainywa. Angalieni meno yetu. Floraidi, madini yanayotia meno rangi ya kahawia, hutoka kwenye mawe haya ya volkeno, maji yakikaa nayo muda mrefu. Nikifungua kisima kipya nikaona watoto wa boma lile wanacheka na meno ya kahawia, najua maji ya majirani yametoka kina gani.

Isukha_Moja

Kwa hiyo ninyi mnaitabasamu Menengai.

MchimbaVisima

Ndiyo ndugu. Binti yangu pia. Sasa tunachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mdogo wake meno yametoka meupe.

Mama_Wawili_Lanet

Samahani kutoka nje ya mada. Nataka kupeleka wanangu, miaka 9 na 12. Wanaweza kushuka?

Mwana_Kiamunyi

Mama, ukingoni wafike, na washikwe mkono. Kushuka, yule wa 12 labda, wa 9 hapana. Njia ni ya changarawe inayoteleza na kupanda kurudi ni kazi ya zaidi ya saa moja na nusu. Vaeni viatu vya soli nene. Yale mawe yana kingo kama kioo, soli ya rafiki yangu ilichanika kama imepitiwa na wembe. Bebeni maji yenu yote, Babu ameshasema.

Mwana_Kiamunyi, wiki mbili baadaye, Jumamosi usiku

Wadau, nimerudi leo. Tulikuwa watatu. Tulishuka mapema tukangoja mvua makusudi, ikaja saa tisa kasoro. Safari hii sikujibanza. Nilichagua kijibonde kati ya mawe mawili, nikachuchumaa nikitazama. Maji yalikuja kutoka pande zote kwa vijitiririko vyembamba, yakakusanyika kama bakuli moja, kisha yakazunguka na kushuka kwenye ufa ambao mkono wangu unaingia hadi kifundo. Hayakujaa. Nililala kifudifudi nikaweka sikio. Chini kabisa palikuwa na sauti, nzito, ya mfululizo, na haikukoma mvua ilipokoma. Niliwaita wenzangu nao wakasikiliza. Mmoja anasema ni maji. Mwingine anasema ni mvuke. Hewa iliyotoka kwenye ule ufa ilikuwa ya uvuguvugu usoni mwangu.

MchimbaVisima

Ilikuwa inatoka au inaingia?

Mwana_Kiamunyi

Wakati wa mvua niliona jani limevutwa ndani. Baada ya mvua, hewa ilikuwa inatoka. Kwa nini?

Mwalimu_wa_Ramani

Ngoja nirudi nyumbani nikae chini. Hilo ni swali jingine kabisa.